Majibu ya vipimo vya maji ya bomba yabandikwe mtaani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee maji ya bomba hapa Dar es Salaam, na sio ile habari ya maji hayatoki, hiyo watu wameshaiandika sana na wataendelea kuiandika manake kero bado ipo. Mimi nataka kuongelea yale yanayotoka. Ni fundi bomba, kazi zangu nyingi ziko Temeke na Tabata, na swali ninaloulizwa na wateja kuliko swali lolote wala sio la bei, ni hili, "Fundi, haya maji mtu anaweza kunywa hivi hivi?" Nafunga koki, mama kasimama pembeni na mtoto mgongoni, anauliza. Mzee nimemwamkia shikamoo, kaniitikia marahaba, kaniletea na kiti, halafu anauliza hilohilo. Na jibu la kweli ni kwamba kwa macho mimi siwezi kujua na yeye hawezi kujua, anayejua ni yule aliyechukua sampo akaenda kuipima maabara, na majibu yake hayafiki kwenye ubao wa serikali ya mtaa, hayafiki kwenye simu, hayafiki popote ambapo yule mama angeyaona.

Ninachoomba ni hicho tu, majibu yatufikie. Ila ngoja nieleze kwa nini naling'ang'ania hili, manake nikiishia hapa mtu atasema si mchemshe mnywe, mambo yaishe.

Tuanzie yanakotoka. Maji mengi ya jiji hili ni ya mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru huko Morogoro. Kuna mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, na baada ya ule upanuzi wa miaka ya 2010 Ruvu Chini ina uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196. Kuna na mtambo mdogo wa zamani wa Mtoni unaochota mto Kizinga, na visima virefu vya Kigamboni. Sasa mto kama Ruvu masika yakishika unashuka na tope zito kabisa, kwahiyo mtamboni maji yanawekewa dawa ya kugandisha tope, tope linazama, maji ya juu yanapita kwenye machujio ya mchanga, halafu yanatiwa klorini ya kuua vijidudu. Hiyo kazi inafanyika na mimi naiheshimu. Anayesema wanachota maji mtoni wanatusukumia hivyohivyo anawaonea watu wanaokesha mtamboni.

Shida iko njiani. Kutoka Ruvu Chini mpaka matangi ya Chuo Kikuu ni zaidi ya kilomita 50, na hapo safari bado, maji yanaingia mabomba makubwa, yanaingia ya kati, yanaingia madogo, mwisho kabisa yanaingia kwenye mpira wa nusu inchi uliopita nyuma ya choo cha jirani na kuvuka mtaro ndio yafike kwenye mita yako. Katika safari yote hiyo kinachoyalinda ni ile klorini iliyobaki, yaani ile ambayo haijatumika mtamboni na inasafiri na maji kama mlinzi anayesindikiza mzigo, kijidudu kikiingia njiani kinakutana nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau maji yakifika kwa mtumiaji yawe bado na miligramu 0.2 za klorini kwa lita moja, na wakati wa hatari ya mlipuko iwe zaidi, 0.5 hivi. Lakini klorini inapungua. Jua kali linaipunguza, tope linaila, kutu na ule utando unaoota ndani ya bomba unaila, maji yakikaa sana kwenye tangi inaisha yenyewe. Ndo maana mtaa wa karibu na tangi kubwa unaweza kupata maji yenye klorini ya kutosha, na mtaa wa mwisho wa laini ukapata maji yaleyale ya mtambo uleule yakiwa hayana kitu.

Hapa niseme na jambo moja ambalo linanisumbua sana kwenye kazi. Wateja wengi wakisikia harufu ya dawa kwenye maji wanayamwaga, wanasema maji yameharibika, halafu wanakwenda kununua dumu la kisima kwa sababu halinuki na linaonekana meupe. Jamani, ile harufu kidogo ya klorini ndo dalili kwamba ulinzi bado upo! Na weupe wa maji hausemi chochote, vijidudu vya kipindupindu vikiwa kwenye glasi huvioni, maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakalaza nyumba nzima. Kwa upande mwingine maji yenye rangi ya kutu kidogo baada ya mgao yanaweza yasiwe na kijidudu hata kimoja, ni chuma cha bomba kimekwanguliwa na presha iliporudi. Simwambii mtu ayanywe hayo, nasema tu jicho linadanganya pande zote mbili.

Sasa njoo kwenye mgao, manake watu wanadhani madhara ya mgao ni kukosa maji tu. Bomba likiwa limejaa na lina presha muda wote, hata likiwa na ufa maji yanatoka nje, uchafu hauingii. Presha ikikata bomba linabaki tupu au nusu, na mahali palipopasuka panaanza kuvuta cha nje kwenda ndani. Cha nje ni nini? Kwa mitaa yetu mingi ni maji ya mtaro, ni udongo uliolowa maji ya vyoo vya shimo, na mvua kubwa ikinyesha wapo watu wanafungulia vyoo vyao vijimwage na maji ya mvua, wote tunajua kutapisha choo ni nini na usiku wa mvua kubwa harufu inatuambia. Halafu siku ya zamu ya mtaa wenu presha inarudi inasukuma vyote vilivyoingia mpaka kwenye koki. Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua tukapangiwa ratiba ya mgao jiji zima, kila mtu alihangaika na ndoo, na hayo maji ya mwanzo yanayotoka laini ikifunguliwa baada ya kukauka, ambayo ndo ya kuogopa zaidi, ndo wengi waliyakimbilia kwa sababu ndoo zilikuwa tupu.

Na tunayazidisha wenyewe kwa mota. Hili naomba wenye nyumba wanisome vizuri. Mtu akiona presha ndogo ananunua mota anaifunga moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ivute. Ikivuta haichagui, inavuta maji na inavuta na uchafu ulioko nje ya bomba palipo na ufa, na sio kwake peke yake, majirani wote wa laini ile wanakunywa alichokivuta yeye. Mimi mteja akiniambia nimfungie hivyo nakataa, namwambia tuweke tangi la chini maji yaingie yenyewe, mota ivute kutoka kwenye tangi kwenda juu. Inagharimu zaidi, najua, na wapo mafundi watakaomfungia anavyotaka kesho yake.

Lingine ni nyumba zenye kisima na bomba kwa pamoja. Zipo nyingi sana sa hivi. Fundi anaunganisha kisima na laini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kwenye bomba moja linalopanda simtanki, anaweka koki mbili, leo funga hii fungua ile. Asipoweka valvu ya kuzuia maji kurudi, na watu wakasahau koki wazi, presha ya mtaani ikikata maji ya kisima yanarudi kinyumenyume yanaingia laini ya mtaa. Na visima vifupi vya mjini sio siri, vimechimbwa hatua chache kutoka shimo la choo kwa sababu kiwanja chenyewe ndo hichohicho. Valvu hiyo haifiki hata bei ya simu ya kawaida. Nisingependa kusikia nyumba mpya inajengwa jiji hili bila kuwa nayo.

Simtanki nisiseme sana. Kama halina mfuniko unaofunga vizuri mijusi na mende wanaingia, na nimeshawatoa humo wakiwa wameoza wakati chini watu wanapigia mswaki. Tangi lioshwe, lisuguliwe, litiwe klorini, likae, limwagwe, angalau mara mbili kwa mwaka. Mpangaji hana mamlaka ya kupanda juu ya nyumba ya mtu, kwahiyo hili ni la mwenye nyumba na asilikwepe.

Kwa nini nakazana hivi, ni kwa sababu mji huu unajua gharama yake. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa Dar, Kinondoni, kikasambaa mikoa karibu yote, na kufikia Aprili 2016 Tanzania pamoja na Zanzibar ilikuwa imeshahesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 300. Tuliona maji ya kandoro yakipigwa marufuku, mama lishe wakifungiwa, watoto wakikatazwa kununua matunda yaliyokatwa. Sawa, ilibidi. Ila mtu aliyeambiwa asiuze chakula barabarani alikuwa na haki ya kuambiwa pia maji ya mtaa wake yamepimwa na yameonekanaje, klorini ilikuwepo au haikuwepo. Yule mama lishe hakuwahi kuonyeshwa namba hata moja.

Na vipimo vipo, hili ndo linaloniuma. Hatuombi kitu kianzishwe kutoka sifuri. Mamlaka za maji zinachukua sampo, zinapima klorini iliyobaki, zinapima tope, zinapima bakteria wa kinyesi wale wanaoitwa E. koli, ambao kiwango chao kwenye maji ya kunywa ni sifuri kwenye mililita 100, hakuna cha kidogo wala wastani. TBS, shirika la viwango, wana kiwango chao cha maji ya kunywa, TZS 789. EWURA, wanaosimamia huduma za nishati na maji, kila mwaka wanatoa ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji na ndani kuna asilimia ya sampo zilizofaulu. Vizuri kabisa. Lakini ile ni asilimia ya mamlaka nzima kwa mwaka mzima, na jiji hili kwa sensa ya 2022 lina watu 5,383,728. Mtu wa Buguruni hanywi wastani wa mwaka, anakunywa maji ya laini ya Buguruni ya wiki hii. Sampo mia zikifaulu tisini na tano ni matokeo mazuri kwenye ripoti, ila zile tano zilitoka wapi? Kama zote tano zimetoka mtaa mmoja huo mtaa una matatizo makubwa na wanaoishi hapo hawana habari.

Nimeshasikia sababu za kutotangaza, na nimezifikiria kwa nia njema. Wanasema watu wataogopa. Mimi nasema watu wanaogopa tayari, kila wiki kuna sauti ya WhatsApp inasambaa kwamba maji yamewekwa sumu, sijui yana wadudu, msinywe, na hakuna karatasi ya kuikanusha wala ya kuithibitisha. Mtu mwenye majibu ya Jumatatu mkononi hatishwi na sauti ya Jumatano. Wanasema wananchi hawataelewa miligramu. Wananchi hawahawa wanajua uniti za Luku zimebaki ngapi na zitafika Ijumaa au hazifiki, wanajua bando la MB wanalinunua saa ngapi kwa bei nafuu, waambieni klorini ikiwa chini ya 0.2 chemsha au weka dawa, wataelewa siku hiyohiyo. Wanasema gharama. Bili ya maji inakuja kwa meseji na namba ya malipo kila mwezi, kuongeza mstari mmoja wa majibu ya vipimo vya eneo lako kunagharimu nini cha kutisha?

Kuna kisa cha Marekani ambacho watu wa maji wanakijua, mji wa Flint, jimbo la Michigan. Aprili 2014 walibadilisha chanzo, wakaacha maji ya mfumo wa Detroit wakaanza kutumia mto Flint ili kubana matumizi, na hawakuweka dawa ya kuzuia maji yasile mabomba, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaanza kutoka kwenye mabomba ya zamani yakaingia kwenye maji ya watu. Wakazi walilalamika rangi na harufu, wakajibiwa maji ni salama. Mpaka wanasayansi wa chuo cha Virginia Tech walipopima majumbani na daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipotoa hadharani mwaka 2015 vipimo vya damu za watoto, ndo serikali ikakubali, na Oktoba 2015 wakarudishwa kwenye maji ya Detroit. Na nchi ile sheria tayari inazilazimisha mamlaka za maji kumpelekea mteja ripoti ya ubora kila mwaka! Kwahiyo mimi sisemi karatasi peke yake inatosha. Nasema na mtu wa nje naye apime, vyuo vyetu vina maabara na vina vijana wanatafuta kazi za utafiti, wapewe kata chache kila mwezi wachukue sampo kwenye koki za watu, sio kwenye tangi la mtamboni, halafu namba zao ziwekwe pembeni ya namba za mamlaka tuone kama zinafanana.

Kwa wenzetu wa mikoani kipimo cha kutangaza kinaweza kuwa kingine. Arusha na Manyara adui wa miaka mingi ni madini ya floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi sana inapinda mifupa ya watoto, na hiyo kuchemsha hakuiondoi kabisa, maji yakipungua kwenye sufuria floridi inabaki palepale na inakuwa kali zaidi. Hata hapa Dar wanaotegemea visima wajue kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi na naitreti, kemikali inayotoka kwenye uchafu wa vyoo, haziondoki. Ndo maana ushauri wa "chemsheni" hauwezi kuwa jibu la kila kitu, lazima ujue kwanza una tatizo gani.

Wakati tunasubiri, nikiulizwa na mteja namjibu hivi. Laini ikifunguliwa baada ya mgao acha ya mwanzo yatoke kwa muda, hayo kamwagie choo au deki, usiyaweke kwenye dumu la kunywa. Ya kunywa yachemke kabisa, yaanze kuruka, sio yamepata moto basi. Mkaa ukiwa ghali tumia vidonge vya Waterguard, kile cha lita 20 kimoja kwenye ndoo ya lita 20, ngoja nusu saa, na kama maji yana tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi manake tope linaila dawa. Ndoo iwe na mfuniko na koki, mikono isizame humo na kikombe kisizame. Kuna vipimo vidogo vya klorini vya kidonge, unatia kwenye maji kidogo yakigeuka rangi ya waridi klorini ipo, vinatumika sana kwenye mabwawa ya kuogelea. Natamani kila serikali ya mtaa na kila shule wawe na boksi moja, mwalimu wa sayansi anaweza kuwafundisha watoto wakapima koki ya shule kila Jumatatu asubuhi.

Kwahiyo ombi langu kwa DAWASA, kwa EWURA na kwa Wizara ya Maji ni karatasi moja kila mwezi, kila mtaa, kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa na kwenye meseji ya bili. Iandikwe sampo ilichukuliwa tarehe ngapi na koki ya eneo gani, klorini ilikuwa ngapi, tope ngapi, E. koli ipo au haipo, na kama imefeli imefanyiwa nini na itapimwa tena lini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tunayo tangu 2016, hatuhitaji sheria mpya kwa hili. Na ninyi wahariri mkiamua kuwa na kona ya maji gazetini, hata mara moja kwa mwezi, mkachapa majibu ya kata kwa kata, naamini litasomwa kama watu wanavyosoma msimamo wa ligi.

Mvua za masika zinaanza Machi, na mitaro ndo inajaa kipindi hicho. Ningefurahi karatasi ya kwanza iwe imeshabandikwa kabla hazijaanza, na ianzie mitaa ya mwisho wa laini, ile ambayo maji yanafika yamechoka.

Fundi bomba,
Temeke, Dar es Salaam